Kago la Saa Kumi na Nane

Chini ya nyumba ya Signe, Duluth, mwezi wa pili,
tanuri linakohoa, ziwa limefunga barafu,
meli za madini zimelala bandarini, pua nyeupe.
Tumetandaza ramani ya miraba juu ya meza ya kukunjia nguo.
Dadu ya Halvor imeingia tena nyuma ya mashine ya kufulia.
Ni moja, asema, najua bila kuiona.

Kiti cha Orrin tumekiwekea makoti.

Kwa asiyecheza, nieleze:
kila uchawi una umri wake.
Moto hulipuka ukaisha; huo haurefushwi,
utarefusha nini katika kufumba na kufumbua?
Cha milele nacho hakina haja.
Ni vile vya katikati tu, vya saa na dakika,
vinavyokubali kuvutwa kama soksi ya sufu,
na bei yake huilipi usiku, giza likikutisha.
Unailipa alfajiri, kitabu magotini,
kabla hujajua siku itakuletea nini.

Alfajiri ile
(ya mchezo; kwetu ilikuwa Jumanne, Septemba,
piza imepoa, Orrin ametoka kusafishwa damu,
bandeji bado mkononi)
alihesabu nafasi zake kwa penseli.
Kago letu la daraja la kwanza akalipandisha
likakalie kiti cha daraja la pili,
ili saa tisa ziwe kumi na nane.
"Kiti hicho kingekufaa kwa kutoonekana," Halvor akamwambia,
"utoroke mambo yakichacha."
Orrin akafuta, akaandika, akapuliza vumbi la ufutio.
"Kutoonekana nitakupata tu."
Tulicheka.

Alitangulia Novemba, theluji ya kwanza haijashika.

Lakini kago halikujua.
Kago halisomi matangazo ya vifo.
Signe alikuwa akitia nukta kwenye karatasi ya miraba,
nukta moja kila dakika kumi,
na siku tuliporudi mezani, macho mekundu,
alihesabu kwa ncha ya kidole:
zimekwenda saa kumi na sita na nusu.
"Bado liko," akasema. Basi.

Tangu hapo tumekuwa watu wa ajabu.
Pigano la dakika moja linatuchukua wiki mbili.
Tunabishana na bawabu wa mifupa juu ya ushuru wa daraja.
Tunapima mlango kwa kamba kabla ya kuugusa.
Halvor, aliyekuwa akivunja milango kwa kichwa,
siku hizi anabisha hodi, anangoja,
anabisha tena.
Na tumejeruhiwa. Lovisa amebakiwa na pointi nne za uhai
na kulala hataki,
kwa kuwa usingizi wa mchezo ni saa nane
na saa nane hatuna.
Hakuna aliyelisema hili kwa sauti.
Tunasema, "Tusonge kidogo."
Tunasema, "Hebu tuuangalie ukuta."

Leo Lovisa amekuja na mpwa wake, Teodor,
miaka kumi na minne, miguu mirefu,
amesimama kando ya ngazi na dadu mpya kwenye mfuko wa plastiki.
Ametazama karatasi zetu, moja baada ya nyingine.
"Mmechoka hivi. Mbona hamlali?"

Tanuri likazima lenyewe.
Nawajua wahenga: hakuna marefu yasiyo na ncha.
Orrin angewauliza ncha iko mraba wa ngapi.

Signe akachukua penseli, akaichonga juu ya kikombe kitupu,
muda mrefu kuliko penseli inavyohitaji.
"Zimebaki nukta mbili."
Halvor akainuka. Akayatoa makoti kitini,
moja moja, akayatundika kwenye reli ya ngazi,
langu, la Signe, lake.
"Keti," akamwambia kijana.
"Dakika ishirini ni nyingi.
Kuna mlango mbele yetu. Bisha wewe."